Uzi Uliochungulia

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka, sijui ni asubuhi au jioni. Pazia jeupe linapumua dirishani. Mtoto yuko hapa! Namwita Kifungo kwanza, jina lake litakuja. Miguu yangu bado ni ya mtu mwingine.
Mama Pacha, kitanda cha pili, kapasuliwa kama mimi, kafungwa tumbo kwa pini za chuma. Mimi uzi. Daktari kasema uzi wangu umepita chini ya ngozi, utayeyuka wenyewe. Miaka yote nashona watu nguo, leo nimeshonwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Bandeji imetoka. Nimeomba kioo. Jamani, mshono! Umenyooka, hakuna palipokunjamana. Yule daktari ningemwajiri kesho. Nesi kacheka, kisha kakaza uso: usiuchokonoe, uwe mkavu, ukiona wekundu au joto, rudi mbio. Nikaitikia tu. Macho yangu yalikuwa kona ya kushoto ya mshono, uzi umechungulia nje kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Nyumbani. Kifungo ananyonya, mimi naelea. Mchana unapita kama maji ya uvuguvugu.
Ila ule uzi! Nguo haitoki kwangu ikiwa na uzi unaning'inia. Nikachukua mkasi wangu mdogo wa kazini, nikaukata. Raha iliyoje! Mama yangu, aliyekuja kunitunza, alikuwa jikoni, hakuniona.

Jumanne, 11 Machi
Kona ina joto. Nimeota nashona gauni lisilo na mwisho, na kitambaa kinapumua.
Mume wangu kanigusa paji la uso: unawaka, wewe. Nikasema ni maziwa tu. Maziwa gani yana harufu hii, kaniuliza. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi
Hospitali tena, pazia lile lile. Daktari kabinya kona — usaha. Kafumua mshono wake mwenyewe, upana wa vidole viwili. Nimelia, na ganzi ilikuwepo.
Nikamwomba aushone upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikamwambia. Kacheka: ufa huu nikiuziba sasa, uchafu utabaki ndani na ukuta wote utaoza. Unaachwa wazi, ujae wenyewe kutoka chini. Wazi! Kwetu mafundi hilo ni tusi.
Nikamweleza habari ya mkasi. Kasema huenda ndiyo, huenda siyo, vidonda vingine huoza hata visipoguswa. Mama hakuwa na huenda. Kinyozi hajinyoi, kasema, akageukia dirishani. Nimeona anafuta macho.
Homa isiposhuka kufikia kesho, narudi chumba cha upasuaji, na Kifungo atakwenda nyumbani na bibi yake bila mimi.
Sasa nesi kaja kubadilisha shashi ya kidonda. Anataka nitazame ndani, nijifunze kusafisha. Siwezi. Natazama dari. Kifungo kanishika kidole cha mkono mmoja. Nikishusha macho, mkono wangu mwingine umeshakunja pindo la shuka, unapapasa, unatafuta sindano —