Watoto Saba Waliofutwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Watoto saba hawapo! Ijumaa nilifunga kompyuta wakiwa mia mbili na kumi na wawili katika jaribio letu la dawa ya kichocho. Leo mia mbili na watano. Hao saba wameandikiwa: wamejitoa kwa hiari. Wote? Siku moja? Nimemwuliza Gedion, anayeingiza fomu. Akatazama ukuta. Eti Dokta Kheri, mkuu wa utafiti, ndiye aliyebadilisha, yeye nisimwingize.

Jumanne, 10 Juni
Nimezitoa fomu za karatasi kabatini. Zote saba: degedege, saa chache baada ya dawa. Degedege! Kamati ya usalama wa jaribio haikuambiwa neno. Na ripoti itatiwa sahihi yangu mimi, mtunza data.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda kwa bodaboda hadi kwa Mama Biasha, mama wa mmoja wa wale saba, nyuma ya Msambweni. Nikamwuliza kama alimtoa bintiye kwenye utafiti.
"Nimtoe mimi? Biasha amelazwa siku tatu, hamkuja hata kumjulia hali! Na mdogo wake mmemwandikia dawa Jumatatu ijayo. Nimlete?"
Nikasema, asimlete. Sina mamlaka hayo. Nimesema!

Alhamisi, 12 Juni
Dokta Kheri ameniita. Sauti laini, kama anabembeleza mtoto. "Twaiba, kazi yako ni kusafisha data. Wale walikuwa na malaria tu." Nikamwambia vipimo vya malaria vimo kwenye fomu, na hakuna hata mmoja aliyepatikana nayo. Kisha akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu.
Hana haya! Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ndiye aliyekuwa akisema kila namba ni mtoto wa mtu. Nimelia chooni — kwa hasira, si kwa woga. Basi, na woga kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Wenzangu wamekwenda kuswali. Nimewarudisha wote saba. Barua kwa kamati ya usalama nimeandika, sasa natuma picha za fomu. Mtandao unajikokota — naandika hapa huku nikisubiri.
Gedion amekuja. Katumwa na daktari achukue nywila yangu. Nikamwambia, chukua kwanza fomu hizi, usome. Amesoma ya Biasha, akairudia.
Picha nne zimekwenda.
Gari la daktari limeingia getini. Gedion ameinuka — nilidhani anakwenda kumpokea. Amefunga mlango kwa ufunguo, amerudi kuketi kando yangu.
Picha ya tano, nusu. Mlango unagongwa —