Kochi ya Kukalia Tu

Baba Dogo, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba Wekesa,

Mulembe. Mulembe tena, hapo ulipo kwa kiti yako nje ya jikoni, na huyo mwenye anakusomea pia mulembe, na asome polepole asiruke mahali. Mguu yako aje? Ile dawa ya kupaka nilikuachia kwa chupa ya soda, unapaka ama imekaa tu dirishani inaangalia barabara? Ng'ombe amezaa? Hakuna mtu ananiambia mambo ya ng'ombe. Mnaniambia tu sisi wote wazima, sisi wote wazima, na mimi hiyo boma naijua, haiwezi kuwa wazima wote siku moja.

Mimi niko. Anayeandika ni Jeni, bibi ya mtoto wako, kwa sababu Wekesa ameitwa kazini, hiyo kiwanda yao ya sabuni haijui Jumapili, na jirani yangu Mama Zuhura anasoma Kiarabu tu, hii yetu hajui. Kwa hivyo ni Jeni. Nimemwambia aandike vile nasema, hata mahali nitamtaja yeye mwenyewe aandike tu. Amecheka. Tutaona kama atacheka mpaka mwisho.

Kwanza macho. Hii ya kulia sasa inaona. Walipotoa bandeji, kitu ya kwanza niliona ni mikono, nikauliza hii mikono imezeeka hivi ni ya nani, nesi akasema ni yako, mama. Sasa naona rangi, naona mawe kwa mchele, naona mtu ako mbali kabla hajaniita. Ya kushoto bado ni maziwa tu. Daktari amesema hiyo pia ataitengeneza, lakini baada ya mvua, hii ya kwanza ipone kabisa, na kila mwezi nipelekwe aniangalie, na dawa niwekewe mara nne kwa siku na mtu mwingine. Si mimi mwenyewe, mimi naweka kwa shavu. Jeni ndiye ananiwekea. Mkono yake ni nyepesi, hiyo siwezi kumnyima.

Unajua vile nimekuwa nikilala. Tangu nifike sijalala kwa nyumba ya Wekesa hata siku moja, Mungu ananiona. Hapa ni chumba moja, kitanda yao iko huku, pazia hapa, jiko hapa. Ningelala wapi, chini ya kitanda ya mtoto wangu? Nikimaliza kula navuka tu kiwanja, naingia kwa Mama Zuhura, yule mjane wa mahamri, tunalala kitanda moja kichwa kwa miguu, anakoroma, nakoroma, hakuna mwenye anasikia mwenzake. Asubuhi nabisha kwa Wekesa kama mgeni. Mila yetu, mama asilale kwa nyumba ya mtoto wake, nimeiweka. Nilikuahidi pale stendi, na nimeiweka.

Sasa Wekesa amepata nyumba Umoja. Vyumba viwili! Choo ndani, maji inatoka kwa ukuta. Hapa tunapanga laini kwa choo na ndoo mkononi, kuna mzee mmoja wa hapa akiingia anakaa huko kama ni nyumba amenunua, watu wanamwimbia, lakini hiyo nitakuambia siku ingine. Wanahama mwisho wa mwezi. Na Mama Zuhura, binti yake ameachana na bwana huko Mombasa, anarudi na watoto watatu. Hajanifukuza, huyo mama hawezi kufukuza hata paka, lakini nimemwona akihesabu blanketi. Kwa hivyo hapa Baba Dogo siwezi kubaki. Ni niwafuate Umoja ama nirudi nyumbani na jicho moja. Hakuna ingine.

Ndipo Wekesa akaniambia, mama, usijali, tutatengenezewa makochi, wewe utalala kwa kochi, na mlango utakuwa katikati yetu.

Najua hapo umekohoa. Kohoa tu. Hapa Nairobi kochi ndio chumba ya mgeni, Baba Wekesa. Mchana inakaliwa, giza ikiingia inalaliwa, asubuhi blanketi inakunjwa, na ukifika hapo huwezi kujua mtu alilala. Nilifikiri nitakuambia pole pole, si kwa barua. Lakini imefika.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukaenda sisi watatu. Mafundi wako kando ya barabara huko upande wa Makadara, wanapanga makochi nje kwa vumbi, ingine imefunikwa nailoni, na mtu akitoka kazini anasimama, anaketi kidogo kama anajaribu, anapumzika, anaenda zake. Nimeona makochi! Kuna moja ilikuwa na mikono imejikunja kama mwanamke ameshika kiuno. Kuna moja ya rangi ya maini. Jeni alikuwa anashika vitambaa, hii ina maua, hii haina maua. Mimi sikuwa na maua. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, nione mahali nitalala.

Nikapata ile refu, ya watu watatu. Nikapiga sponji na ngumi, ikarudi vizuri. Nikatoa viatu, nikalala. Nikanyoosha miguu kabisa, nikaweka leso usoni. Ilinitosha, hata kidole haikugusa mbao.

Fundi akakuja na misumari mdomoni. Akaitema kwa mkono. "Shosho, kwani umehamia? Nikuletee blanketi?"

Nikamwambia, "Leta, na chai usisahau. Yenye imeiva."

"Fundi, hiyo usiuze," mwenzake akaita kutoka kibanda ya pili, "iko na mtu ndani!"

Watu wakacheka, hata Wekesa alicheka. Jeni hakucheka. Alikuwa ameangalia chini. "Mama, toka hapo," akasema, "tafadhali toka." Nikafikiri ni haya ya mjini, hawataki watu waone nyayo za mama yao.

Halafu akachagua. Unajua alichagua nini? Viti vya mtu mmoja mmoja. Tano. Kila moja na mikono yake ya mbao huku na huku, mtu anaingia hapo kama yai kwa kikombe. Ile refu, hapana. Hata ya watu wawili, hapana. Fundi mwenyewe alishangaa. "Madam, seti bila kochi refu? Hiyo sitingi itakuwa kama kwa daktari, watu wameketi wanangoja kuitwa."

"Ni hizo nataka," Jeni akasema.

Nikaangalia mtoto wangu. Nikasema, "Wekesa." Akaokota msumari, akaanza kuichunguza kama ametumwa kuinunua. Huyu mwenye anasimama kanisani anaombea watu mpaka wanalia! Siku hiyo mdomo ulikuwa na gundi. Baadaye akasema, "Mama, nyumba ni ndogo." Nyumba ni ndogo, na viti ni tano!

Nimekaa na hiyo kitu rohoni wiki nzima. Mimi nitafanya nini? Nyumba si yangu, kochi si yangu, hata jicho sasa ni ya daktari. Nakula chenye nimepewa, naketi mahali nimeonyeshwa. Mama Zuhura ananiambia ongea na wao, mama Wekesa, ongea. Niongee nini? Niambie bibi ya mtoto wangu nataka kulala kwa nyumba yake? Kwetu mwanamke anasema hivyo na mdomo gani?

Basi leo nikaona nikuambie wewe, hata kama kalamu iko kwa mkono yake. Nikasema, Jeni andika hivi: Jeni hanitaki kwa nyumba yake mpya, amechagua viti vya kunifukuza bila kusema toka.

Ameandika. Umesomewa hapo, si ameandika? Lakini alipomaliza hiyo akaweka kalamu, akaenda nyuma ya pazia. Nikafikiri nimemchoma, analia. Nikaanza kujuta, kwa sababu ako na mimba ya miezi tano na sitaki alie. Akarudi na barua. Yako, Baba Wekesa. Ile uliandikia Wekesa mwezi uliopita na mimi sikuambiwa kuna barua.

Akanisomea bila kuniangalia. Ati umesikia wanahamia Umoja. Ati mama yenu asilale chini ya paa moja na nyinyi. Ati Jeni ako na mimba, na ile ya kwanza mnajua vile ilienda. Ati mtajua wenyewe mtafanya nini. Na mwisho, ati msimwambie mama, atapiga kelele.

Mimi nipige kelele! Miaka arobaini na wewe, nani anapiganga kelele kwa hiyo boma?

Sikupiga. Jeni akasema, "Mama, ungelala kwa hiyo kochi, halafu kitu itokee kwa hii tumbo, baba angesema ni mimi nilikubali."

"Si ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia aje?"

Na ni kweli. Angeniambia aje? Mama mkwe na bibi ya mtoto hawakai chini wakapanga mambo ya kulala. Wiki nzima ananiwekea dawa mara nne kwa siku, uso wake uko hapa, uso wangu uko hapa, na hakuna mwenye ameweza. Sasa imetoka kwa sababu ni wewe tunaandikia.

Kwa hivyo si Jeni alichagua viti. Ni wewe, umeketi hapo na mguu yako, ukachagulia watu makochi Nairobi bila kuziona.

Sikasiriki. Nisikudanganye, hata mimi naogopa. Ile ya kwanza ya Jeni nililia kuliko yeye. Kama kitu itatokea kwa hii, sitaki ikute nimenyoosha miguu kwa sitingi yao. Nikifikiria hivyo naona ni heri nirudi. Halafu nafumba jicho ya kulia, najaribu kuangalia na ya kushoto peke yake, na sioni hata dirisha iko wapi. Nikirudi sasa sitakuja tena Nairobi, wewe unajua na mimi najua. Hii ya kulia ikichoka siku moja, nitakuwa wa kushikwa mkono mpaka chooni.

Lakini nikukumbushe kitu moja. Ule mwaka mvua iliangusha nyumba ya mama yako, alilala wapi? Alilala ndani ya nyumba yetu, upande wa ghala, miezi miwili. Baba yako alikuja asubuhi, akaingia kwanza, akakula kuku yangu, akasema maneno yake mlangoni, akasema sasa mama anaweza kulala. Na mimi nilikuwa na mimba ya huyu Wekesa. Alizaliwa. Ndiye huyo anatengeneza sabuni.

Kwa hivyo iko njia. Ni baba anafungua. Lakini nikimaliza kusema hivyo naona huo mguu yako. Utapanda basi aje, usiku mzima umeikunja? Na ng'ombe utaachia nani, na ako karibu kuzaa, kama hajazaa? Sijui kama baba anaweza kusema hayo maneno akiwa mbali, yaandikwe, yasomwe mlangoni na mtu mwingine. Sijawahi kusikia. Wewe uliza wazee wa kwenu. Mimi sina mtu wa kuuliza hapa, Mama Zuhura ananiambia kwao hiyo shida haiko, mama analala kwa mtoto wake na dunia haianguki. Na ninamwamini, lakini hiyo ni yao.

Basi sema wewe. Na ukisema, ambia hao watoto, usiniambie mimi. Neno yangu kwa jambo hili haina kitu.

Nisalimie dada yangu Rasoa, na umwambie zile kuku zangu nilimwachia najua idadi yake. Nisalimie ndugu yako Barasa na bibi yake Nafula, mwambie Nafula ile kitambaa ya meza alinishonea imefika na haijachafuka. Nisalimie mwalimu wa kanisa, na mama zake wote wa maombi, waendelee, jicho moja bado. Mjukuu wetu Nekesa asipande ule mti wa mapera, tawi la chini limeoza, nililiona kabla sijakuja, na wakati huo sikuwa naona vizuri.

Nimechoka kuongea, na hiyo utashangaa. Kidole yangu nimeweka hapa chini kwa wino.

Ni mimi, mama ya watoto wako,
Mama Wekesa

*

Baba, salamu kwa heshima. Ni mimi Jeni. Mama amevuka kwa Mama Zuhura kuota jua na hajui nimeongeza haya. Nimeandika yote alivyosema, hata ya kwangu sikupunguza.

Juzi nilirudi kwa fundi peke yangu. Nilimwomba aanze na viti viwili tu, mbao ya vile vitatu asiikate kwanza. Ameniambia inatosha kochi refu, ni mbao ile ile, lakini akishaikata hakuna kubadilisha. Atangoja mpaka Jumamosi. Wekesa sijamwambia.

Baba, mimi siwezi kumwambia mama alale, na siwezi kumwambia aende. Barua hii inasafiri leo na mtu wa kwenu, atakupatia kesho mkononi, na Alhamisi anarudi. Tafadhali mpe jibu aje nalo. Hata kama ni kukataa, litoke kwako. Jumamosi asubuhi nitapita kwa fundi, na kama hujasema kitu, sijui nitamwambia nini.