Chukua Ile Lenzi Nzito, Akinyi

Akinyi nyathina, mtoto wangu mpendwa,

Baba yako anakusalimia, goti limepata nafuu na ameanza tena kulima. Dani, nyanya yako, anakusalimia na anauliza kama huko Naivasha unapata samaki ama unashinda na mayai tu. Mdogo wako Ochieng' anakusalimia, na mke wake, na mtoto wao ambaye sasa anatembea na kuangusha kila kitu. Mimi pia ni mzima, ni moyo tu.

Moyo ni kwa sababu ya hiyo lenzi. Ulisema Jumamosi hii unaenda kununua ya kupigia picha viboko wa huko, na unataka ile fupi ya milimita mia tatu kwa sababu ni nyepesi shingoni. Nilipoanza kuongea ukacheka, "Mama, na wewe unajua nini na kamera?" halafu simu ikakatika. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka Asembo Bay, ukiwa darasa la tatu? Nilianika samaki wa omena kwenye wavu nikakuweka hapo ufukuze ndege. Wewe badala ya kufukuza ukawa unawaangalia tu, unanitajia rangi zao. Asubuhi hiyo sikuangalia chini. Nilitandika wavu juu ya njia ya kiboko, katikati ya shamba na maji, mimi niliyezaliwa hapo hapo. Kiboko akatoka kwenye nyasi akirudi ziwani. Alikanyaga wavu, akapita karibu na wewe kama kutoka kitandani mpaka mlangoni, na wewe hukukimbia. Jioni ukaniambia, "Mama, ako na nywele kwa masikio." Watu wakacheka. Mimi niliingia jikoni nikalia, na sijawahi kukuambia.

Basi juzi nilienda Kisumu mjini kwa mpiga picha wa harusi.

"Mama, ni picha ya pasipoti?"

"Nataka kujua lenzi ya kiboko."

Akamwita mwenzake aje asikie. Lakini ni mtu mzuri. Alinitoa nje na lenzi yake ndefu, akaishika kwa chini nisiangushe. Nikaona korongo juu ya paa la mbali kabisa, nikaona mpaka jicho lake likifumba. Akanieleza kwamba ukiwa na fupi, umbali uliobaki unaumaliza na miguu yako. Hiyo ndefu, ya mia sita, ni nzito, inataka stendi, na alfajiri mwanga ukiwa kidogo inasumbua. Sikufichi ubaya wake. "Lakini ukiwa nayo, mama, mnyama hata hajui uko."

Mwanangu, sikukatazi kazi yako. Yule tai uliyenitumia nimemwonyesha kanisa lote, mpaka mchungaji. Shingo ikiuma, nitakukanda ukija. Chukua hiyo nzito. Na ukinitumia picha ya kiboko, usiniambie ni nzuri, hiyo nitaona mwenyewe. Niambie kwanza ulisimama wapi.

Nijibu upesi, kabla hujaingia dukani, hata kama ni neno moja.

Ni mimi mama yako, nyumbani.