Chumba cha Mwisho katika Sanduku la Chambo

Kwako Baba,

Najua hutajibu. Hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kujibu. Ukiulizwa jambo ulikuwa unaanza kutunga uzi kwenye sindano, na mpaka uzi uingie, aliyeuliza ameshasahau alitaka nini. Safari hii huna sindano, na mimi sijasahau kitu. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani yako, hapa Gitega, na wateja wanaopita wanafikiri naandika vipimo vya nguo. Waache wafikiri hivyo.

Nianze na mazuri, maana yapo, na ndiyo yanayoniuma zaidi.

Unakumbuka sanduku lilivyoingia nyumbani? Yule mzungu uliyemshonea makoti, alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao, alikupa sanduku la plastiki la buluu lenye vyumba vidogo vidogo ndani. Alikuwa mvuvi wa kujifurahisha. Zilikuwemo chambo bandia chache tu: kijiko cha kung'aa kilichopinda, samaki wa mti aliyebambuka rangi, na minyoo ya raba iliyogandana kwa joto. Vyumba vingine vyote vilikuwa vitupu. Mama akataka kuweka vifungo vya nguo. Ukalivuta sanduku upande wako ukasema, "Hapana. Hii tutajaza mi na Zuwena." Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Majirani walicheka. Fundi cherehani, Mwislamu mzima, anamfundisha mtoto wa kike kuvua, tena kwa samaki wa mti. Wewe hukujali. Tulikuwa tunapanda gari hadi Mutaho, halafu baiskeli za kukodi mpaka mto Ruvubu, wewe mbele na fimbo ya kuvulia, mimi nyuma na sanduku mapajani. Pale ulikuwa na pahala pako, mkono mdogo wa mto ambapo maji ni haba na mamba hawapendi. Hata hivyo ulikuwa unarusha mawe kwanza, unasubiri, ndiyo unaniruhusu nisogee.

Sikuruhusiwa kufungua sanduku kabla ya swali. Swali lilikuwa moja kila mara. "Maji iko namna gani?"

"Iko safi."

"Basi tafuta kidogo, yenye kung'aa. Na kama iko chafu?"

"Kubwa, nyeusi, yenye kelele."

"Na usichague kile we unapenda. Samaki hana haja na macho yako."

Hivyo ndivyo tulivyolijaza, chumba baada ya chumba, miaka kwa miaka. Kwa mafunjo tulihitaji kitu cha kuelea kisichonasa, ukachonga chura kwenye soli ya ndala na kuikinga ndoana yake kwa waya wa mwavuli. Kwa kambale wa chini tulihitaji kizito, tukakipa tumbo la risasi. Kwa yule samaki wa magamba makubwa anayewinda kwenye mkondo, tulikata kijiko cha chai cha Mama, naye alikitafuta mpaka mwezi wa Ramadhani ukaisha. Mimi nachagua, wewe unatengeneza. Na kila kilichokamilika ulikifunga mkia wa nyuzi zilizochomolewa kwenye nguo ya aliyekichagua. Hiyo ilikuwa sheria yako. Vyangu vyote vina mkia mwekundu, wa gauni langu la Idi lililonibana. Ulisema samaki lazima ajue nani amemshinda.

Halafu ulikuwa unakwenda Muyinga. Ulikuwa na wateja huko huko, sokoni Gasorwe, kama ulivyokuwa na wateja Nyarusange wakati wa kushona sare za shule, na mwanamume mwenye kazi hazuiliwi safari. Sanduku ulikuwa unalibeba, kwa sababu Ruvubu inafika na huko. Unarudi na chumba kimoja kimejaa. Mara ya kwanza kilikuwa kisamaki chembamba cha bati chenye mkia wa kijani. Nikakuuliza ni nguo ya nani, maana nyumbani kwetu hakuna aliyevaa kijani kile. Ukatunga uzi kwenye sindano. Baadaye ukasema ni masalio ya kitambaa cha mteja.

Nilikipenda kile kisamaki, Baba. Kiligeuka vizuri majini, na siku ya kwanza kilinipatia samaki mkubwa kuliko wote wa mwaka ule. Nikakuambia, "Aliyechagua hii iko na akili." Ulicheka sana siku ile. Nilifikiri unafurahia samaki.

Mwishowe kikabaki chumba kimoja tu, cha pembeni, cha maji machafu. Hatukuwa na ile kubwa, nyeusi, yenye kelele. Kila masika nilikuwa nakukumbusha, na kila masika ulikuwa na jibu lile lile: "Usiharakishe. Iyo chumba tutajaza pamoja, we na mi. Ya mwisho si ya kujaza peke yako." Nikangoja. Mtu mzima sasa, nimeshajua kukata suti, bado nangoja chumba kimoja cha plastiki kama mtoto anayengoja sikukuu.

Ulianguka hapa hapa, mguu wako ukiwa kwenye pedali. Tulikuzika kesho yake. Ba'mdogo akaichukua simu yako akaizima, akasema marehemu hana haja ya kusumbuliwa. Hitima ilipopita, ndugu wakazungumza habari za nyumba na cherehani. Mimi niliomba sanduku tu. Halikuwepo. Nikakumbuka uliloniambia uliporudi safari ya mwisho, kwamba umeliacha Gasorwe kwa yule mama mjane unakopanga chumba, utalichukua ukienda tena.

Kabla ya kwenda nilitengeneza kile cha mwisho. Nilichonga mti wa mpini wa pasi yako ya zamani, nikautoboa, nikatia shanga ndani zipige kelele, nikaupaka rangi nyeusi. Mkia nikaufunga nyuzi za kanzu yako. Nilisema moyoni kwamba hivyo ndivyo tunavyokijaza pamoja. Nikakiweka kwenye mkoba, nikapanda gari la Muyinga, na kutoka mjini nikachukua pikipiki hadi Gasorwe. Nyumba sikupata shida kuiona. Kila niliyemuuliza habari za Baba Zuwena, fundi wa Gitega, alininyooshea kidole pale pale.

Mama mmoja alikuwa anaanua nguo. Nikamsalimu, nikamuuliza kama hapa ndipo anapopanga Baba Zuwena. Akatabasamu.

"Ndiyo hapa, karibu sana. Zuwena! Leta kiti."

Nilifungua mdomo kuitika. Naapa, nilikuwa nimeshasema "abee" nusu. Mlangoni akatokea msichana wa kama miaka kumi na sita, ana kiti mkononi na paji la uso lako, na gauni la zamani la kijani ambalo pindo lake limechomolewa nyuzi.

Yule mama hakuwa ameona kitu bado. Aliniuliza, "Umetoka Gitega? Baba Zuwena iko namna gani? Simu yake haipiti kabisa, mi nimepiga mpaka nimechoka."

Hapo ndipo uliponifikisha, Baba. Nimekuja kuchukua sanduku, nikawa ndiye wa kupeleka msiba. Niliwaambia. Sikuwa na namna nzuri ya kulisema, na sidhani ipo. Yule mama alikaa chini, juu ya nguo safi. Miaka yote ulimwita mjane, na mjane hakuwa. Amekuwa mjane mimi nikiwa nimesimama mbele yake, na ni mimi niliyemfanya awe.

Wanawake wa jirani walikuja na kuanza kumwita Mama Zuwena, wampe pole. Mama yangu ndiye Mama Zuwena. Nilikaa kwenye kiti kile nikisikia jina la nyumbani kwetu likitumiwa na watu nisiowajua. Nilielewa basi kwa nini hukuwahi kukosea jina, si kwetu si kwao. Jina la mama yako ulitupa wote wawili, nami nilikuwa najivuna kwamba nimerithi peke yangu.

Asubuhi yake yule mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mi nilijua iko bibi Gitega. Jina ya mtoto sikuambiwa. Unisamehe." Hakuwa na la kusamehewa. Nilitamani awe mkali, niwe na mtu wa kugombana naye. Wewe ulikuwa umeshaondoka.

Binti yako alileta sanduku akaliweka kati yetu kwenye mkeka. Akalifungua yeye, kwa kubonyeza upande wa kushoto kwanza, kama ulivyonifundisha mimi, kwa sababu upande wa kulia unakwama. Nikatazama chumba cha pembeni kabla ya vingine. Kilikuwa kimejaa. Kubwa, nyeusi, yenye kelele.

Mke mwingine nilishaanza kummeza. Jina pia, kwa shida. Lakini chumba kile, Baba. Ulikuwa unaniambia nisiharakishe.

Sikutaka kulia mbele yake, kwa hiyo nilisema tugawane. Kila mmoja atoe alivyochagua. Akakubali, akasema, "We ndo mkubwa, anza." Nikatoa vyekundu, yeye akatoa vya kijani. Alikuwa anajua kila kimoja. Hiki ni cha maji ya kiangazi, hiki ni cha kuvuta polepole, hiki alikichagua na wewe ukamkatalia mara mbili. Alisema, "Ile chura ya ndala, mi nilimuuliza nani alichagua, akasema ni masalio ya mteja. Nikamwambia uyo mteja ni mjanja." Nikamuuliza kama ulicheka. Akasema ulicheka sana.

Kikabaki kile cheusi. Nikamwambia achukue, ni chake.

"Hapana," akasema. "Si ya kwako?"

"Si yangu."

"Mi nilifikiri ni ya kwenu. Mi aliniambia iyo chumba tutajaza pamoja."

Nilikichukua nikakigeuza. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri, kwa mkono wako, shanga zinalia ndani. Mkia wake ulikuwa wa nyuzi za rangi ya chungwa. Nikatazama nguo zake na za mama yake zilizoanikwa. Yeye akatazama zangu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa rangi ile. Kisha yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikacheka, na tulipomaliza alikuwa analia.

Nilipoaga nilimpa nilichokitengeneza mimi, chenye mkia wa kanzu yako. Sikuwa na kingine mkobani cha kumpa mtu niliyemletea habari ile. Sanduku akanilazimisha nilichukue. Limo sasa kwenye droo ya cherehani, na vyekundu vyangu vimerudi vyumbani mwao. Vyumba vya kijani ni vitupu. Kile cheusi nimekiacha pale ulipokiweka.

Watu wananiambia marehemu hasemwi vibaya. Mimi sisemi vibaya, nasema yaliyotokea. Ulinifundisha kudanganya samaki na nilikuwa mwanafunzi mzuri, ila hukuniambia kwamba somo linaendelea tukirudi nyumbani. Nakuombea kila sala. Nakuombea nimekunja uso, na Mungu anaona uso wangu, na bado naomba. Ungekuwa na nyumba kumi ningejifunza kuzihesabu. Ila sikujua kwamba Ruvubu, na swali la maji, na kicheko chako, navyo ulikuwa unavipeleka kote kwa pamoja, kila mtu akiambiwa ni vyake peke yake.

Niliporudi nilimweleza Mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. Akasema, "Mi nilijua iko mtu Muyinga. Sikumuuliza kwa sababu angenijibu." Nikamuonyesha kile cheusi. Akaushika mkia kidogo, akausogeza kwenye mwanga wa mlango, akautazama kama anavyotazama kitambaa dukani.

"Iyo ni ya Nyarusange," akasema, akarudia maharage yake.

Nyarusange, ulikokuwa unakwenda kushona sare za shule. Sikumuuliza mtoto wa huko anaitwa nani.

Pumzika, Baba. Mvua zimeanza na Ruvubu imechafuka. Sijaenda bado, lakini nitakwenda, na safari hii swali la maji nitajiuliza na kujijibu mwenyewe. Zamani ningeweka jina langu tu hapa chini na ungejua ni nani. Sasa naongeza na mji, usije ukahangaika kujua ni yupi kati yetu aliyekuandikia.

Mwanao,
Zuwena wa Gitega