Kura Iliyorudiwa

Jumamosi, 3 Rajab

Alfajiri, kisha juzuu moja, kisha kahawa. Baadaye nikaufungua mkataba. Mimi na marehemu ndugu yangu Seif tulishirikiana kununua kutoka serikalini ardhi ya skuli ya zamani, huko Qantab. Sasa afisi ya ardhi imekubali mkataba ugawanywe: mmoja wangu, mmoja wa mjane wake, Zuwena. Nusu ya mbele ina barabara, na lile darasa analokaa Zuwena na binti yake. Nusu ya nyuma ni mapito ya wadi, mkondo wa maji ya mvua. Mvua ikinyesha, haikaliki.

Jumatatu, 5 Rajab

Tulipiga kura kama nilivyosoma na kusomesha. Kokwa mbili za tende ndani ya kofia, moja imetiwa alama. Zuwena alitoa yenye alama. Mbele ikawa yake.

Mwanangu Hilali akaruka: "Baba, kaiona hiyo! Turudie."

Hakuiona. Kofia niliishika mimi. Lakini nikampa kofia.

Safari ya pili aliishika Hilali. Mbele ikawa yetu.

"Shemeji," alisema Zuwena, "si wewe uliyetusomesha kuwa kura hairudiwi?"

Nnaona haya hata kuliandika swali lake.

Jumatano, 7 Rajab

Afisini. Karani aliuliza kama tumeridhiana. Zuwena aliinamisha kichwa, akatia saini. Nami nikasema ndiyo. Uongo, na udhu nnao. Mkataba mmoja ukawa miwili. Wetu umeandikwa jina la Hilali, ndivyo alivyotaka.

Ijumaa, 9 Rajab

Sikusomesha msikitini baada ya sala. Nilisingizia kifua. Nilimwambia Hilali turudi afisini, tumrejeshee Zuwena nusu yake.

"Muhuri ushapigwa, Baba. Wewe pumzika na vitabu vyako."

Nimemlea mwenyewe.

Jumatatu, 12 Rajab

Zuwena amehamia kwa kaka yake, huko Mawaleh. Ufunguo ameuleta kwa heshima, ameufunga ndani ya kitambaa safi. Sikustahiki kitambaa.

Nilikwenda Qantab peke yangu. Darasa limefagiwa. Ubaoni umebaki mwandiko wa binti yake.

Adhuhuri ikaingia. Nikatandika msala, kisha nikaukunja. Miaka yote nimewafundisha watu kuwa ardhi ya dhuluma haisaliwi. Nikafunga mlango, nikavuka barabara, nikasali juani, juu ya changarawe.