Maini Niliyoyachemsha

Wambui wangu,

Hapa Lanet tumeamka vizuri. Mama yako ametoka Mau Narok na gunia la viazi, na anasema umekonda kwenye ile picha.

Umeniuliza kama umwambie mwalimu wako kwamba ni wewe uliyeharibu sampuli za maabara. Mimi shule niliacha mapema, lakini hilo lilinipata.

Miaka ya sabini nilikuwa naosha chupa kwa Daktari Meena, binti wa mwenye duka la vitambaa hapa Nakuru. Alichunguza vimeng'enya vya maini, vinavyotukinga na sumu ambayo mwili wenyewe hutengeneza tukipumua. Siku moja aliniachia maini ya kondoo yaliyosagwa, kwenye barafu. Barafu ikayeyuka. Nikaogopa yataharibika, nikayachemsha, kama nilivyochemsha maziwa ya mama yako, wakati huo akiwa mtoto mchanga.

Aliporudi akatia ile dawa inayofanya maini yatoe povu. Povu halikutoka. Akatia tena, akaanza kuilaumu dawa.

"Ni mimi, Daktari. Niliyachemsha yasioze."

"Mama Njeri! Umeviua vimeng'enya vyote!"

Nikamfunga Njeri, mama yako, mgongoni, nikijua kazi imekwisha.

"Unaenda wapi sasa? Kaa! Ungenyamaza, ningemwaga dawa nzuri nihangaike mwezi mzima."

Kesho yake akanipa chupa mbili za maini yaliyosagwa: moja niichemshe, nyingine niiache, apate kulinganisha. Ile ya kuchemsha aliiandika jina langu, na miaka yote niliyokaa pale hakumpa mtu mwingine aichemshe.

Uniandikie mwalimu atakavyokujibu. Na ule vizuri.

Nyanya yako