Gauni Lililoibwa Kabla ya Kushonwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: liko kwenye jalada, mtaani huitwa Mama Vipimo
Umri: miaka 48
Kazi: fundi cherehani
Makazi: ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi
Yameandikwa Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, chumba namba 3

Nimeibiwa gauni la harusi kati ya tarehe 10 na tarehe 16 mwezi huu, na gauni lenyewe lilikuwa bado halijakatwa. Ofisa ameniuliza kama nimesema sawasawa. Nimesema sawasawa.

Nilianza kazi hii kwa cherehani ya kuazima. Leo ninazo nne, zote zangu, na kompyuta moja sebuleni ninayochoria mishono. Naishi na mama mkwe na binti wa marehemu mdogo wangu. Binti huyo nimemlea tangu ana miaka mitatu. Anaolewa keshokutwa, Jumamosi.

Mnamo tarehe 5, mwenye duka la vitambaa ninakonunua alitutumia wateja wake ujumbe: zawadi ya bure, maua ya kupamba kompyuta. Mimi nilikuwa nimetoka. Mama mkwe ndiye aliyekaa kwenye mashine, akiangalia picha za wajukuu. Niliporudi nikakuta maua meupe yanadondoka kwenye skrini, polepole, wala hayafiki chini. Ukiyatazama umechoka, unaona sebule nzima inaelea.

Tangu hapo mashine ikawa nzito. Matangazo yakawa yanajifungua yenyewe: viatu, mikopo, dawa za kupunguza tumbo. Mara nyingine kitaa kilicho kando ya kamera kiliwaka mchana kweupe, hakuna aliyekigusa, kisha kikafifia kama jicho la mtu anayesinzia. Nilimwonyesha mama mkwe. Akasema, "Mwanangu, hata mashine huota. Iache."

Tarehe 10 alasiri binti alinisimulia ndoto yake. Alimwona mama yake amesimama kwenye ukumbi mrefu usio na dari, amevaa gauni la rangi ya maziwa, mikono ya gauni myepesi kama moshi, na ua moja kubwa kwenye bega la kushoto. Ndilo bega ambalo mama yake alikuwa akimlaza utotoni. Akaniambia, "Mama mkubwa, nishonee hilo. Usimwonyeshe mtu." Nikachora akiwa pembeni yangu, ananiambia panda, shuka, hapo hapo. Tulipomaliza tuliutazama mchoro. Mdogo wangu alikuwa pale kwenye skrini, kasoro uso tu. Mchoro huo sikuuchapa wala kumtumia mtu.

Hapa nieleze jambo la kazi yangu. Mimi hukata kitambaa upande wa ndani ukiwa juu, kwa hiyo kwenye kompyuta huchora kila kitu kimegeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Ua la bega la kushoto nililichora kulia.

Tarehe 16, saa tisa alasiri, nilipita na binti mbele ya lile duka la vitambaa kwenda kununua uzi. Gauni lilikuwa dirishani. Rangi ya maziwa, mikono ya moshi. Feni ilikuwa inalipepea, nalo likitikisika kana kwamba kuna mtu ndani anahema. Ua lilikuwa bega la kulia.

Binti hakupiga kelele. Alisema, "Mama mkubwa, umeniuza?"

"Sijauza."

"Basi limefikaje hapa? Limetembea?"

Nikamwambia atazame bega: kama ningeuza mimi, ningeuza likiwa sawa. Hakuwa ananisikia tena. Jioni ile alihamia kwa shangazi yake, na simu zangu hapokei.

Mimi niliingia dukani. Mwenye duka akaniambia, "Dada yangu, mitindo ni hewa. Nimeivuta tu."

"Umeivutia wapi?"

"Kwani hewa ina anwani?" Akacheka, akaendelea kukunja vitambaa vyake.

Tarehe 17 asubuhi nilimwita fundi wa kompyuta. Kabla ya kukaa alichomoa waya wa intaneti. Akaikuta ndani ya yale maua programu ya kuchungulia: inaipiga picha skrini na kuituma nje bila mwenyewe kujua. Akasema, "Programu yako ya kinga iliipigia kelele siku ya kwanza. Kuna mtu alibonyeza ruhusu."

Mama mkwe akasema, "Ni mimi. Iliniuliza vizuri, je, unakubali? Mtu akibisha hodi kwa adabu namna ile, unamfungia mlango?"

"Bibi, wezi wa siku hizi wote wana adabu," fundi akamjibu.

"Basi angalau wamelelewa."

Fundi akamweleza taratibu: programu usiyoijua ilikotoka usiiruhusu, hata ikiomba vizuri; kinga ikionya, isinyamazishwe; kamera isiyotumika ifunikwe. Mama mkwe aliifunika palepale kwa kipande cha bitana. Fundi alitaka kufuta maua, nikamzuia. Yakifutwa, nitabaki na maneno matupu. Mashine nimeileta hapa kama ilivyo.

Sijui kama mwenye duka aliiweka programu ile makusudi, au naye alipewa na mtu. Ninachojua ni kwamba ujumbe ulitoka kwake na gauni limesimama kwake. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na popote nitakapoitwa nitayarudia vivyo hivyo.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Kompyuta moja imepokelewa ikiwa imezimwa. Mwenye duka ameitwa kufika kesho saa tatu asubuhi. Shahidi ameelezwa kuwa upelelezi hauna saa.

Nyongeza ya shahidi, kwa mkono wake mwenyewe: Upelelezi hauna saa, lakini harusi inayo. Mwulizeni mwenye duka swali moja: picha ya gauni lile ilimfikia kutoka kwa nani? Jibu liandikwe, lipigwe muhuri, nimpelekee binti yangu mkononi. Nitakuwa kwenye benchi hapo nje. Jibu nalitaka kesho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.